Mdogo wangu, vipepeo hao usiwaagize

Mdogo wangu,

Mpango wa harusi yako nimeusoma mara tatu. Ukumbi sawa, maua sawa, muziki tutaelewana. Ila ule mstari wa "vipepeo hai 100, waachiwe baada ya viapo" umeninyima usingizi, na kwa kuwa najua wapo maharusi wengine wenye wazo hilo hilo, nimeona nikujibu hadharani. Usininunie, jina lako silitaji.

Wewe unaiona ile dakika boksi linapofunguliwa. Mimi naiona safari yao. Kipepeo wa kuuzwa hukunjwa mabawa, akatiwa kwenye kibahasha cha karatasi, akapangwa na wenzake pamoja na vifurushi vya barafu. Mdudu huyu mwili wake hufuata joto la nje; akipoa, viungo vinagoma. Kwa hiyo anapoonekana ametulia, hajatulia, ameshindwa kujitikisa. Siku ya sherehe itabidi apashwe joto kwanza. Wingu likitanda na hewa ikashuka chini ya nyuzi joto 13 hivi, kuruka kwake ni shida. Ataangukia kwenye nyasi, katikati ya viatu vya wageni. Na wewe viapo vyako umeviweka jioni! Hawa ni viumbe wa jua. Giza likiingia wanatafuta pa kujibanza.

Utaniambia wengi wataruka, watakuwa huru. Hao wanaoruka ndio wanaonitia hofu zaidi. Chukua monaki, yule mwenye rangi ya machungwa na mistari myeusi, anayependwa sana kwenye harusi za Marekani. Wakifugwa kwa kubanana, kuna kimelea kinachosambaa upesi. Jike mgonjwa huacha vijidudu vyake juu ya mayai na majani, kiwavi akianguliwa anavila pamoja na ganda la yai. Aliyeathirika vibaya hutoka kwenye pupa, lile ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, na mabawa yaliyojikunja, asiruke maisha yake yote. Aliyeathirika kidogo anapendeza machoni, na huyo ndiye atakayetoka mkononi mwako kuwapelekea wa porini ugonjwa.

Halafu kuna suala la njia. Monaki wa mashariki mwa Amerika Kaskazini huhama kila vuli hadi milima ya Meksiko, wengine wakisafiri zaidi ya kilomita 4,000. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima monaki waliofugwa kibiashara: kwa jumla hawakuelekea kusini kama ndugu zao wa porini. Unamfungulia mlango mtu asiyejua kwao ni wapi.

Wapo wafugaji waangalifu, nakubali. Hubandika utepe kwenye tumbo la kipepeo, wakautazama kwa hadubini kama una vijidudu vya kimelea kile, kabla ya kumuuza. Hao nawaheshimu. Lakini hata kipepeo mzima kabisa bado amekunjwa kwenye bahasha ili wewe upate picha.

Kama unawataka sana, fungeni ndoa mchana, nje, penye maua yasiyopuliziwa dawa. Wakija hata wawili, nitamvuta mpiga picha mimi mwenyewe. Hela ya lile boksi iongeze kwenye chakula. Wageni wetu nawajua: hakuna atakayeuliza vipepeo wako wapi.

Dada yako