Barua ya wazi kwa Afisa Mifugo wa Wilaya: harusi ya kupe na ratiba ya josho

Ndugu Afisa Mifugo,

Nakusalimu kutoka huku ufukweni mwa Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe si la zizi langu pekee: josho letu la kijiji huogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe kila baada ya wiki mbili.

Msimu huu nimepoteza mtamba kwa ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Tezi zilivimba chini ya sikio, homa ikapanda, akahema kwa shida siku mbili, basi. Sikukosa josho hata mara moja. Majirani wanasema dawa imechakachuliwa. Mimi, mwalimu mstaafu wa baiolojia, nadhani tatizo ni kalenda.

Kupe jike akimpanda ng'ombe hashibi siku hiyo hiyo. Hung'ata, akanyonya polepole siku kadhaa huku akimngoja dume, ambaye naye yuko hapo hapo ngozini. Asipopata dume hukwama: uzito wake hufika kama mara kumi ya ule aliokuja nao na njaa, kisha hung'ang'ania hapo hata wiki kadhaa. Akishapandwa ndipo ulafi unapoanza. Kwa muda wa siku moja hivi huvimba hadi kama mara mia, akadondoka, akataga mayai kwa maelfu na kufa. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walionyesha kwa kupe wa kusini mwa Afrika, Amblyomma hebraeum, kwamba kinachouwasha ulafi huo ni protini mbili kutoka korodani za dume. Na dume hazitengenezi mpaka naye anyonye kwanza. (Enzi za Ujamaa tuliwaita wanyonyaji kupe. Kumbe hata hatukuwa tumemjua kupe vizuri.)

Sasa huyu wetu wa sikio, anayeeneza ndigana: jike humaliza kazi yote, tangu kung'ata hadi kudondoka, kwa siku saba hadi kumi hivi. Akipanda siku ya nne baada ya josho, dawa ikiwa imeshapungua nguvu, ataolewa, atashiba na kushuka kabla hatujarudi. Vijana wetu nao huwabandua wale walionona kama maharage na kuwatupa hapo hapo zizini, yaani wanamshusha mama mjamzito mlangoni kwake. Wale wadogo, ambao bado wanangoja, hakuna anayewagusa.

Ombi langu ni moja. Mvua zikianza, mpaka zikatike, tuogeshe kila wiki. Najua dawa ni ghali; itisha mkutano utuambie kila ng'ombe ni shilingi ngapi, tutachanga. Maji yasiwe sababu, maana ukisimama joshoni unaliona Ziwa.

Wako,
Mfugaji wa ng'ombe kumi na mmoja, walikuwa kumi na wawili