Mnunuzi mkubwa wa kahawa amfikie mkulima Januari

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno juu ya kampuni kubwa za migahawa ya kahawa, hasa Starbucks ya Marekani, ambayo sisi wa nyanda za juu kusini tumeifahamu kwa wataalamu wa kituo chake cha wakulima cha Mbeya kabla hata ya kuviona vikombe vyake.

Kampuni ya namna hii inapotaka kuonyesha kwamba haitafuti faida peke yake, mara nyingi huchimba kisima au hujenga darasa, kisha hupiga picha na watoto wa shule walioshika bango. Sina ugomvi na kisima. Ninachosema ni kwamba faida kubwa zaidi ambayo jamii inaweza kuipata kwake imo ndani ya biashara yenyewe, yaani inamlipa nani, kiasi gani, na lini. Hilo la mwisho halizungumzwi sana, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nimezaliwa Mbinga katika nyumba ya mkulima wa kahawa ya arabika. Kwetu mavuno huanza katikati ya mwaka, lakini ada, sare na madaftari hudaiwa Januari, na mbolea hutakiwa wakati mvua zikiwa zinanyesha na mfuko ukiwa mtupu. Katika pengo hilo ndipo huingia magoma, ambayo ndugu zetu wa Kagera huiita butura: mwenye fedha anakuja nyumbani, anakukopesha, nawe unamwahidi kahawa ambayo bado iko mtini. Nalikumbuka daftari la mfanyabiashara mmoja, lenye jalada jekundu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mama aliweka dole gumba kwenye mstari wa jina lake, na ilipofika Julai, gunia la kahawa tuliyoianika kwenye vichanja, tukiigeuza kwa zamu na kukimbia kuifunika kila wingu lilipotanda, liliondoka uani bila kuugusa mzani wa chama cha ushirika. Bei ilikuwa imekwisha kupangwa miezi sita nyuma, na aliyeipanga alikuwa mmoja.

Serikali imeupiga marufuku mtindo huu mara nyingi, na viongozi wameukemea katika mikutano ya hadhara, lakini bado upo, kwa kuwa amri hailipi ada. Hapa ndipo mnunuzi mkubwa ana uwezo ambao AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima kijijini, haina: fedha anazo mwaka mzima, na mikataba yake huweza kufungwa miezi mingi kabla kahawa haijafika bandarini. Starbucks wenyewe wamekwisha kuonyesha kwamba jambo la kumfikishia mkulima fedha mapema linawezekana. Kwa miaka mingi wamekuwa wakiweka fedha katika taasisi za mikopo, mojawapo ikiwa Root Capital, ili zivikopeshe vyama vya wakulima sehemu mbalimbali za dunia, na mwaka 2015 walitangaza kwamba mfuko wao wa mikopo ungefikishwa dola milioni 50. Mkopo wa aina hiyo una utaratibu mwepesi kuueleza: chama chenye mkataba wa mauzo huutumia mkataba huo kama dhamana, na kahawa inaponunuliwa, mkopeshaji hukata deni lake kwanza kabla chama hakijapewa kinachobaki. Hakuna anayeombwa hati ya shamba, wala dole gumba la mama wa mtu.

Jambo jingine ninalolithamini ni stakabadhi za malipo. Mwaka 2004 kampuni hiyo ilianzisha utaratibu wa ununuzi uitwao C.A.F.E. Practices, ulioandaliwa kwa ushirikiano na shirika la uhifadhi wa mazingira la Conservation International, na mojawapo ya masharti yake linamtaka muuzaji aonyeshe uthibitisho wa malipo katika kila hatua, ili ijulikane ni kiasi gani cha bei kilimfikia mkulima. Kwa mtu aliyekulia kwenye zao ambalo makato yake hayamaliziki, sharti hilo ni zito kuliko hotuba kumi. Mwaka 2015 kampuni ilitangaza kwamba asilimia 99 ya kahawa yake imepatikana kwa njia za haki. Tangazo hilo halikuzima maswali: Januari 2024 shirika la watetezi wa walaji la huko huko Marekani, National Consumers League, liliifungulia kesi likidai kwamba inawapotosha wateja, na kutaja tuhuma za unyanyasaji katika mashamba ya kahawa na chai ya Brazil, Guatemala na Kenya. Huwezi kukagua mashamba ya dunia nzima ukiwa umekaa Seattle, yaliko makao makuu ya kampuni, na ndiyo maana napendelea karatasi ambayo mkulima mwenyewe anaweza kuisoma na kuipinga.

Kwa wafanyakazi wake wa migahawani kampuni hii ina rekodi yenye pande mbili. Tangu mwaka 1988 imekuwa ikiwapa bima ya afya hata wanaofanya kazi saa chache kwa wiki, na mwaka 2014 ilianza kuwagharamia masomo ya shahada katika Chuo Kikuu cha Arizona State, mambo ambayo mhudumu wa mgahawa wa kwetu angeyasikia kama hadithi. Hata hivyo, wafanyakazi wa mji wa Buffalo, Marekani, walipoanzisha chama chao cha wafanyakazi Desemba 2021, vuguvugu hilo lilipokuwa likienea katika matawi mengine, uongozi ulilipinga kwa nguvu. Ethiopia nayo ilibidi ivutane na kampuni hiyo juu ya umiliki wa majina ya kahawa yake ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe hadi makubaliano yalipopatikana mwaka 2007. Wahabeshi hawakusubiri huruma. Walidai majina yao, wakasikilizwa.

Basi nasi tudai. Naiomba Bodi ya Kahawa, pamoja na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, wahakikishe kwamba kila mkataba wa mauzo ya moja kwa moja kati ya chama na mnunuzi mkubwa wa nje unakuwa na kifungu cha malipo ya awali yatakayofika chamani ifikapo Januari, kwa riba iliyotajwa waziwazi. Mwisho wa msimu, ukuta wa ghala la chama ubandikwe karatasi moja yenye bei aliyolipa mnunuzi, makato ya usafiri, ukoboaji na ushuru, na kilichobaki kwa kila kilo. Isiandikwe kwa lugha ya wakaguzi. Mama yangu hakusoma, lakini tarakimu za fedha alizijua zote.

Msomaji wako,
Mbinga, Ruvuma