Boksi la viatu chini ya kitanda cha Mama

Machame, 27 Desemba

Kwako Dada Mkuu,

Asalaam aleykum, shoga yangu. Ndiyo, bado nakuita Dada Mkuu, na nitakuita hivyo mpaka tuzikane, maana hakuna mwingine aliyewahi kunifagilisha bwalo wiki nzima na bado nikampenda. Habari za Pangani? Mama hajambo? Mfikishie shikamoo yangu. Wa kwangu yupo, magoti tu ndiyo yanamsumbua akishuka kwenda kanisani. Kupanda, anapanda ananiacha.

Karatasi hizi nimezichana kwenye daftari la mtoto wa kaka, usishangae mistari. Ningekutumia sauti kwenye simu, lakini jambo lenyewe refu, na nusu yake linakuhusu. Kuna kitu chako nimekikuta huku.

Tulifika tarehe 21 usiku. Desemba ya Wachaga unaijua: Dar inapata nafasi ya kupumua na barabara ya Moshi inakosa. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuja na boksi refu juu ya gari, limekazwa kamba kama godoro la mhamaji. Mti wa plastiki huo, ameununua Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, futi saba, na mapambo yake kabisa: mipira ya dhahabu na utepe mweupe. Dhahabu na nyeupe, basi. Alishapanga kichwani kila mpira utakaa wapi, na watoto aliwapa kazi ya kumshikia ngazi tu. Simsemi vibaya, ana mkono mzuri, na mti uliposimama pale sebuleni hata mimi nilitoa simu nikaupiga picha.

Mama alikuwa kwenye kochi lake anaangalia. Akasema, "Umependeza." Unamjua Mama. Akisema "umependeza" halafu akanyamaza, kuna maneno mengine ameyameza.

Wewe ulikuja enzi za tawi. Baba alikuwa akilikata kwenye saiprasi za kule juu asubuhi ya tarehe 24, analikokota mpaka ndani, analisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, na nyumba nzima inanuka utomvu mpaka Mwaka Mpya. Bibi yetu alikuwa akituhadithia kwamba mambo ya mti yaliletwa na Wajerumani, wale wa misheni ya Leipzig waliofika hapa Machame 1893, na kwamba yeye alipokuwa mtoto waliweka mishumaa ya kweli kwenye matawi, inawaka, na mzee mmoja amesimama kando na ndoo ya maji. Bibi alikuwa akimsifia yule mzee wa ndoo kuliko mti wenyewe.

Basi usiku ule Mama akaniita chumbani. "Nivutie lile boksi." Nikalala kifudifudi, nikapapasa nyuma ya masufuria ya shughuli, nikalitoa. Boksi la viatu vya Baba, limefungwa kwa tyubu ya baiskeli. Nilipofungua nikasikia harufu ya nta, vumbi na kahawa mbichi, na nikakaa palepale sakafuni.

Cha juu kabisa ilikuwa nyota ya bati. Hiyo unaijua, maana wewe ndiye uliyepandishwa kwenye kigoda kuiweka, kwa sababu ya urefu wako. Baba aliikata kwenye kopo la maziwa ya unga, miaka ile ya themanini ambapo dukani kulikuwa na rafu na muuzaji, bidhaa hakuna. Ncha moja ni ndefu kuliko nyingine. Pale ndipo mkasi ulipoteleza ukamla kidole. Ukiigeuza nyuma bado unamwona ng'ombe wa kopo, nusu kichwa na pembe moja.

Chini yake pamba, imeshakuwa ya kijivu. Hii ilikuwa theluji yetu. Kibo iko pale dirishani, mita 5,895, na theluji yake ya kweli, na sisi tunabandika pamba kwenye tawi. Baba alikuwa akilicheka jambo hilo kila mwaka kwa maneno yaleyale, na sisi tulikuwa tukicheka naye kila mwaka. Mama alikuwa muuguzi, lakini pamba ya zahanati hakuigusa hata nyuzi moja. "Ile ina wagonjwa wake," alikuwa akisema, na alikwenda kununua dukani. Siku hizi barafu ya Kibo imepungua mpaka tunaiona kwa macho ikipungua. Kaka anasema kwa mwendo huu mlima ndio utakaokuja kutuazima pamba.

Kisha ule uzi wa buni. Hukuwahi kuniuliza, nami nadhani nilikuwa naona aibu kukueleza. Ni wa 1989. Julai ya mwaka ule mkataba wa kahawa wa dunia ulivunjika na bei ikaporomoka. Mimi nilikuwa na miaka tisa, mkataba nitaujulia wapi. Nilichokiona ni kwamba msimu ule Baba alirudi kutoka kuuza kahawa na hela zote zikatosha kwenye mfuko wa shati. Nguo mpya hakuna. Sasa mtoto wa Kichaga, Krismasi, ibadani, na gauni la mwaka jana lililoshushwa pindo! Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mama hakunibembeleza. Alileta ungo wa buni zilizokataliwa, zile zilizotobolewa na wadudu, akanipa sindano na uzi. "Hizi zina matundu tayari," akasema. Tukazitunga jioni nzima, mimi na kaka, tukauzungusha uzi kwenye tawi. Zilikuwa 114. Nazijua hesabu yake kwa sababu nilizihesabu ili nisilie tena.

Juzi nimezihesabu upya. Zimebaki 97.

Na sasa chako. Kwenye kona ya boksi, ndani ya bahasha: ile simbi yako ya madoadoa uliyokuwa ukiitembeza kwenye mfuko wa sketi ya shule, na tundu alilolitoboa Baba kwa msumari. Shule ilifungwa, mama yako yuko Maskati kwa dada yake, ukaja kwetu kwa wiki mbili. 1998. Mwezi ulikuwa umeandama siku chache tu kabla, kwa hiyo Krismasi ilikukuta na mfungo wa tano au wa sita. Wewe ndiye mwenye hesabu. Mama akiamka saa kumi alfajiri kukupashia mtori wa daku, na akikaa na wewe mpaka umalize, kama vile daku ni dawa na yeye yuko zamu. Baba alikwenda mpaka kwa jirani Mwislamu kumwomba aje atuchinjie mbuzi, ili nawe upate kula. Sehemu yako ikafungiwa kwenye hotipoti tangu mchana, na kaka alipoinusa akapigwa mwiko wa mkono. Magharibi Mama akafungulia redio, tukakaa wote kimya tunaingojea adhana, na Baba ndiye aliyekuwa na njaa kuliko wewe.

Ulipomaliza kufuturu ukaitoa ile simbi mfukoni ukamkabidhi Baba. "Mti wenu hauna bahari," ukamwambia. Alilirudia neno hilo mpaka alipofariki. Kila mwaka akiitundika: "Haya, na bahari hii hapa."

Bado kitu kimoja kwenye lile boksi, na hicho hukukiona, maana kiliingia baadaye. Unakumbuka kwamba ile Krismasi watu walikuja wengi, lakini Baba Mdogo hakuja? Nyumba yake ungeweza kuitupia jiwe ukiwa mlangoni kwetu. Hukuuliza, ulikuwa na adabu zako za Pwani. Kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, na chetu vinatenganishwa na mstari wa masale, yale majani marefu uliyodhani ni maua ya bustani. Ikatokea asubuhi moja, 1996, masale yameonekana si mahali pake. Baba akasema nduguye ameyahamisha. Baba Mdogo akaapa mbele ya wazee kwamba hajui lolote, labda mvua. Mvua! Wakaacha kusalimiana miaka saba, wanaketi kanisa moja, mmoja kushoto mmoja kulia.

Kwetu isale ndilo la mpaka, na hilohilo ndilo la msamaha. Ukiwa umemkosea mtu jambo zito, unamtuma mzee ampelekee jani la isale, na aliyeletewa isale hana ubavu wa kukataa. Desemba 2003, tuko sebuleni tunapamba, akaingia mzee mmoja wa kanisa na jani mkononi. Hakueleza mengi. Baba alilipokea kwa mikono miwili, akasimama nalo kama mwanamume aliyepewa kitoto kichanga hajui akilaze wapi. Mwisho akalichomeka kwenye mti. Kesho yake Baba Mdogo akaja kula. Nani aliyahamisha masale, hapana aliyetaja. Na Baba alikataa yarudishwe. Yako palepale mpaka leo.

Sasa sikiliza ya juzi. Tarehe 24 asubuhi watoto waliliona boksi na hawakungoja ruhusa. Kufumba na kufumbua buni ziko kwenye matawi ya plastiki, pamba iko kwenye nywele za mdogo wao, na wifi amesimama na mpira wa dhahabu mkononi hajui aseme nini mbele ya mama mkwe. Mama yuko mlangoni anamenya ndizi, kainamia beseni lake. Baba Mdogo naye alikuwa ameshafika, ameketi kwenye kiti cha Baba, fimbo katikati ya magoti. Amezeeka, Dada Mkuu. Masikio yamebaki makubwa tu.

Yule mdogo, wa miaka sita, akainua lile jani. Limekauka, limekuwa rangi ya tumbaku. "Bibi, hii takataka nitupe?"

Shangazi yao, yaani mimi, nilikuwa na mdomo wazi. Baba Mdogo akanitangulia. "Lete huku." Akalipokea, akaligeuzageuza. Halafu, bila mtu kumuuliza, akawaambia watoto: "Hili ni langu. Nililileta mimi, kwa sababu ile mipaka niliihamisha mimi. Usiku, kwa jembe. Hatua tatu."

Miaka yote ile! Baba amekufa hajalisikia neno lile. Tumekaa hivyo, hakuna anayepumua, hata wifi ambaye kisa chenyewe alikuwa hakijui alijua kuna kitu kimepita.

Mama hakuinua macho kwenye ndizi zake. "Nne," akasema.

Baba Mdogo alimtazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, tukamletea maji, akanywa, akaanza upya. Na Mama naye, kisu mkononi, mabega yanatikisika. Katika kucheka huko jani likamvunjikia mzee mkononi, likawa vipande kama vya maganda ya karanga. Akaviangalia. Akachukua fimbo yake, akatoka. Tulimwona kwa dirishani akishuka taratibu kati ya migomba mpaka kwenye mstari wa masale, akasimama pale muda, sijui alikuwa akihesabu hatua. Akarudi na jani bichi linadondosha umande.

Alitaka kumpa Mama. Mama akamwonyesha wifi kwa kidevu. Wifi, Mungu ambariki, alikwenda pale mbele kabisa ya mti, akauondoa mpira mkubwa wa dhahabu kuliko yote, akalichomeka jani palepale. Na ile nyota ya bati akaifunga pembeni ya nyota yake ya dukani, kwa hiyo mwaka huu tuna nyota mbili, kama watu wenye uwezo.

Krismasi yenyewe ilikwenda kama kawaida: ibada, mbuzi, kisusio, mbege kwa wazee, ubishi wa kidari. Nguo mpya watoto wanazo hadi za kubadilisha.

Simbi yako uzi wake ulikuwa umeoza, ukanikatikia mkononi. Nimeifunga kwa kipande cha ule utepe mweupe na kuitundika upande wa dirishani. Ni Mama aliyelisema lile neno la bahari safari hii. Kwa sauti ndogo, lakini alilisema.

Kitu kimoja nataka unijibu, na unijibu kwa barua. Kwenye uzi zimepungua buni 17. Kaka anakiri alikula mbili alipokuwa na miaka saba, kwa ujinga wake. Mama anasema moja alikupa wewe siku ulipokuwa ukiondoka, ukaitia kwenye kipochi chako cha shanga. Kama unayo, usiirudishe, kaa nayo. Niandikie tu nijue nimebakiwa na ngapi za kutafuta.

Wako,
yule wa kitanda cha chini