Kwa ndugu yangu wa Singida, kuhusu filamu ya alizeti

Nkuhungu,
Dodoma.

Ndugu yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka Dodoma. Sisi hapa tu wazima, na ni matumaini yangu kwamba nanyi huko Singida hamjambo. Diski uliyompa kondakta wa basi imefika salama, na jana jioni niliitazama filamu yako ya wakamuaji wa alizeti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni kazi ya kujivunia, na nataka ifike kwenye ukumbi wa sinema ikiwa kamili, kwa hiyo nitakueleza kwa urefu kile nilichokiona.

Umeandika kwamba DCP-o-matic, ile programu ya kugeuza filamu kuwa DCP, yaani mafaili yanayochezwa na mitambo ya ukumbi wa sinema, inakata vibaya. Kwa maoni yangu programu haina kosa. Una matatizo mawili tofauti, na kwa kuwa yameonekana siku moja umeyachukulia kuwa ni moja.

La kwanza ni kile kibao cha kuanzia, ambacho bado kinaonekana kabla ya picha ya mashine ingawa unasema ulikwisha kukiondoa. Ulikiondoa kwa ile programu ya simu inayokata papo hapo bila kuitengeneza picha upya. Video ya H.264, mtindo wa kubana video, haihifadhi kila fremu (kila picha moja moja ya video) kwa ukamilifu: iko fremu kamili moja, kisha zinafuata nyingi zinazoeleza tu kilichobadilika, mpaka ifike kamili nyingine. Faili likitengenezwa na x264, programu ya kutengeneza video za H.264, bila kubadili mipangilio yake, umbali kati ya fremu kamili unaweza kufika fremu 250, yaani sekunde 10 kwa kasi ya fremu 25. Mkato wa papo hapo hauwezi kuanzia katikati ya mlolongo huo, kwa hiyo hurudi nyuma hadi fremu kamili iliyotangulia. Baadhi ya programu huziacha fremu za ziada ndani ya faili na kuandika maelekezo tu kwamba zirukwe wakati wa kuonyesha. Simu yako inayatii maelekezo hayo, ndiyo maana hukukiona kibao, lakini si kila programu inayatii.

La pili ndilo lililonisumbua zaidi. Mwanzoni yule mama anapomimina mbegu, mlio wake unaingia karibu sawa na picha. Baada ya dakika moja sauti imetangulia kwa sekunde mbili na nusu. Mwishoni, anapoinua dumu la mafuta na kuanza kueleza jinsi lilivyosomesha wanawe, sauti imekwisha kabisa, na kwa karibu nusu dakika tunaona midomo tu ikicheza. Naona umejaribu kulitibu kwa kukata sauti mwanzoni, kisha mwishoni, kisha pande zote mbili. Kukata hakuwezi kuliponya, kwa sababu pengo kati ya sauti na picha linakua. Likiwa na ukubwa uleule tangu mwanzo hadi mwisho, chunguza mikato. Likiongezeka kadiri filamu inavyosonga, chunguza kasi ya fremu.

Ulipiga picha kwa fremu 25 kwa sekunde, nayo sinema kwa kawaida huenda kwa 24. DCP-o-matic haitupi fremu hata moja, inazionyesha polepole kidogo tu. Filamu yako ya dakika 12 ina fremu 18,000, na kwa kasi ya 24 inachukua dakika 12 na sekunde 30. Sauti iliyo ndani ya faili la video hurefushwa pamoja na picha, lakini wewe ulirekodi kwa rekoda ya pembeni ukaleta faili la sauti la WAV peke yake, na faili hilo halijui liliandaliwa kwa ajili ya picha ya kasi gani. Lichague, nenda kwenye sehemu ya muda, uandike 25 kwenye kisanduku cha kasi ya fremu ya video. Sauti itashuka na kuwa nzito kidogo sana, jambo ambalo wasikilizaji wachache watalitambua. Ukiwa hutaki ishuke, waulize mafundi wa ukumbi kama seva yao, yaani mtambo unaocheza filamu, inapokea DCP ya SMPTE (aina mpya zaidi ya DCP) ya fremu 25, kwa maana mitambo ya zamani huenda isiikubali.

Ushauri wangu mkubwa ni kwamba mikato yote uifanye kwenye programu ya kuhariri, kisha utoe faili kuu la DNxHR au ProRes, mitindo ya video ambamo kila fremu ni kamili, likiwa na kasi isiyobadilika ya 25 na sauti ikiwa ndani yake. Zile picha chache ulizopiga kwa simu zichunguze kwanza kwa MediaInfo, programu inayoonyesha maelezo ya faili, maana simu nyingi hurekodi kwa kasi inayopanda na kushuka. Ukifanya hivyo, visanduku vya kukata kwenye DCP-o-matic vitabaki sifuri. Ukilazimika kuvitumia, hesabu kwa fremu, usihesabu kwa saa ya kichezeshi. Kibao chako kinachukua sekunde 3 na fremu 5, yaani fremu 80 kwa kasi ya 25, na idadi hiyohiyo iondolewe kwenye picha, kwenye sauti ya pembeni na kwenye manukuu, la sivyo manukuu yatachelewa kwa zaidi ya sekunde tatu.

Ukimaliza kugeuza, fungua lile faili dogo la CPL, orodha ya vipande vya filamu iliyo ndani ya DCP, kwa programu yoyote ya maandishi. Humo kuna mstari wa Duration (urefu kwa fremu) kwa picha na mwingine kwa sauti. Yote miwili inapaswa kusema 17920, yaani fremu 18,000 ukitoa 80 za kibao. Nitumie faili hilo kwa WhatsApp kabla hujahangaika kunitumia diski nyingine kwa basi, na uniambie pia jibu la mafundi wa ukumbi kuhusu fremu 25.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako wa Dodoma.