Nyoka mgeni aachwe apumzike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na vijana wa hapa Tanga walioanza kufuga nyoka, maana wengi wanawaua kwa mapenzi. Nyoka analetwa Jumamosi, Jumapili keshapita mikononi mwa nusu ya Ngamiani, Jumatatu anatupiwa panya. Akimkataa, hofu inaanza: anaumwa, kalogwa, nyumba haimpendi. Haumwi. Ana woga tu.

Kwanza kibali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuokota nyoka Amboni akamweka chumbani kwake, kwa hiyo anzia ofisi ya wanyamapori. Tena porini mtoto wa kifutu hufananishwa na mtoto wa chatu, na kosa hilo huna muda wa kulijutia. Mimi nazungumzia nyoka wa nyumba, yule wa hudhurungi asiye na sumu, mwenye mstari mweupe unaotoka puani kupita juu ya jicho hadi kisogoni. Akikomaa hufika mita moja hivi, na boksi la plastiki la sentimita 60 kwa 40 lenye mfuniko wa kubana linamtosha.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa nyoka hesabu ni siku saba, na jembe hapewi. Wiki hiyo badilisha maji, ondoa kinyesi, funga, ondoka. Usimshike wala usimlishe. Mwekee maficho mawili, moja kila upande wa boksi. Kigae cha chungu kilichofunikwa chafaa, au kiboksi kilichotobolewa tundu, ila kiwe kidogo kiasi cha mgongo wake kugusa ukuta, kwani nyoka hutulia anapobanwa pande zote. Pango kubwa kwake ni uwanja. Atashinda humo mchana kutwa na kutoka usiku, ndiyo saa zake. Kulala macho wazi kusikushtue: hana kope. Ulimi unaotoka na kuingia unakusanya harufu, haukutishi. Akitikisa mkia au akipuliza kwa nguvu, anakuomba usogee. Na akiachama kinywa mara tu baada ya kumeza, anarudisha mataya mahali pake.

Siku ya nane mpe panya asiyezidi unene wa sehemu nene ya mwili wake. Mdogo hula kila siku 7, mkubwa kila siku 10 hadi 14. Panya awe amekwisha kufa, kwa sababu aliye hai, nyoka akisita, humtafuna nyoka usoni na mgongoni. Aliyegandishwa huyeyushwa kwenye friji usiku kucha, halafu hutiwa ndani ya mfuko na kuzamishwa katika maji ya moto kiasi cha kuoga mpaka apate uvuguvugu hadi ndani; akibaki na ubaridi tumboni, nyoka hatamsaga. Mshike kwa koleo, si kwa vidole vyenye harufu ya panya. Nyoka akishamla, saa 48 usimguse, la sivyo atatapika. Akitapika, subiri siku 14 ndipo umpe panya wa nusu ya ukubwa ule, maana tumbo limepoteza asidi yake na koo limechubuka. Panya wa mtego wa jirani usimpokee hata kwa hisani, hujui alikula sumu gani kabla ya kunaswa.

Akikataa, mwondoe panya asubuhi na usirudie kabla ya siku 5. Tazama macho kwanza. Yakiwa na ukungu kama maji ya mchele, anajiandaa kujivua gamba (neno ambalo wanasiasa wamelichosha, lakini nyoka bado analifanya kweli). Ukungu hutanda siku kadhaa, macho yanang'aa tena, na siku chache baadaye gamba linatoka. Katika muda huo haoni vizuri, hivyo hataki kula na anaweza kuuma. Mwekee kibati chenye kitambaa kibichi ndani. Gamba linatakiwa litoke zima kama soksi iliyogeuzwa. Lichunguze kichwani uone vifuniko viwili vya macho. Kimoja kikikosekana, usikibandue kwa kucha, utalitoa jicho. Kitambaa kibichi tena, na usubiri gamba lijalo.

Mafunzo mengi ya ufugaji yameandikwa kwa watu wa nchi za baridi, ndiyo maana mtu wa Tanga ananunua taa ya joto asiyoihitaji. Upande mmoja uwe nyuzi 30 hivi, wa pili 25, na uwe na kipimajoto kila upande. Hatari yetu ni Januari na Februari, kaskazi ikivuma chini ya bati: boksi lililoachwa dirishani linaweza kupita nyuzi 40 kabla ya adhuhuri, na nyoka hafiki alasiri. Julai chumba kikipoa, usagaji hupungua, basi chelewesha mlo siku chache. Unyevu wa pwani nao unataka hewa. Toboa matundu pembeni kwa msumari wa moto, membamba, kwani kichwa kikipita mwili wote umepita. Sakafu ikibaki mbichi, magamba ya tumbo huwa mekundu na kutoa malengelenge. Maranda ya seremala hayafai, mengine yana dawa ya mbao. Tandiko bora, Mhariri usiniwekee kinyongo, ni gazeti la jana: kavu, linaonyesha kila uchafu, linabadilishwa kwa dakika moja.

Miguu ya meza isimame ndani ya makopo ya maji, kama kabati la chakula la bibi zetu. Siafu wakiingia usiku, nyoka aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Na mwenye nyumba aambiwe mapema.

Mapovu puani, kuhema kinywa wazi, au vidoa vyeusi vinavyoelea kwenye bakuli la maji (huo ni utitiri) ni vya kumpeleka kwa daktari wa mifugo bila kungoja. Kugoma kula peke yake siyo. Mpime kwa mizani ya jikoni kila wiki kabla ya mlo. Akipungua gramu 10 katika kila 100, mpeleke, na uchukue daftari la tarehe za kula, kunya na kujivua. Ndilo daktari atakaloliuliza kwanza.

Mfugaji,
Chumbageni, Tanga