Shukrani kwako, mama fundi wa Owino

Mama, sikukuuliza jina, na Kampala ni kubwa. Jumamosi ile nilikuja soko la Owino na deraya ya kuigizia askari wa anga, vazi nililolikata kutoka mkeka wa sponji. Kifuani ilibana, kwapani ilinichuna, kuketi siwezi. Ulinizungushia nailoni na utepe wa gundi kiwiliwili kizima, ukachora mistari, ukakata taratibu hadi ukapata kipimo cha mwili wangu mwenyewe, si wa mwanamume. Kiunoni ukapunguza vidole viwili, ubavuni ukaacha wazi kwa mikanda ya kubana na kulegeza. Hapo ndipo nilipopumua! Mikunjo ya kifua tuliipinda kwa joto la pasi, tukaiunga kwa gundi ya viatu. Pesa ulikataa. Nimeivaa saa sita mfululizo, mama, bila mchubuko. Asante sana.