Barua kwa mwanangu aliyeniuliza kama sijachoka

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, namshukuru Mungu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na swali lako nimelichukulia kwa uzito. Unauliza kama sijachoka. Unasema wenzangu wengi wa rika langu wameshahamia kwenye vyeo vya kusimamia watu, na mimi bado nakaa mbele ya skrini nasoma msimbo, maandishi yanayoiongoza kompyuta. La, sijachoka. Ila siifanyi kazi hii kwa namna unayoifanya wewe sasa, na hapo ndipo ninapotaka tuzungumze.

Asubuhi naanza na kazi iliyo ngumu kuliko zote. Barua pepe sifungui, na simu naiacha chumba kingine. Saa zile za mwanzo kichwa ni chepesi, na jambo lililonishinda jana jioni aghalabu linafunguka lenyewe. Mchana napitia kazi za vijana kabla hazijaingia kwenye mfumo, na nikiona kitu hakijakaa sawa namwita aliyekiandika anieleze kwa mdomo. Mara nyingi anakigundua mwenyewe kabla hajamaliza kueleza. Jioni nazima kompyuta.

Sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kusoma. Wakati huu niko kwenye programu ya zamani iliyoandikwa kwa lugha ya programu iitwayo C, inayotunza tarehe za mikataba. Unajua kwamba mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Hesabu hiyo ikiwekwa kwenye namba ya biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri au moja, inayokubali hasi na chanya, haiwezi kuvuka 2,147,483,647. Sekunde hiyo itafika tarehe 19 Januari 2038, saa tisa na dakika 14 usiku kwa UTC, saa ya kimataifa. Inayofuata inageuka kuwa hasi, na programu inaamini kwamba leo ni tarehe 13 Desemba 1901. Utaniambia 2038 bado. Lakini mkataba wa miaka 20 ukiingizwa kwenye mfumo huu leo, tarehe yake ya mwisho imeshavuka hapo, na hesabu inaharibika leo hii.

Basi nafungua faili na kufuata kigeu kimoja cha muda, yaani jina linalobeba thamani ndani ya programu, tangu kinapoanza mpaka kinapoandikwa kwenye diski. Kila kinapopita naandika kwa kalamu kwenye daftari: hapa kina biti 64, hapa kimekatwa kuwa 32, hapa kimerudishwa 64. Pale kinapokatwa ndipo penye hatari, maana kompyuta hailalamiki. Inakata na kuendelea. Walioiandika programu hii hawakuwa wazembe. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa haba na ghali, na kila biti waliyoiokoa ilikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Nikisoma walivyoipanga najua walikuwa makini, na ninafurahi kwamba mimi ndiye niliyeachiwa niitunze.

Umegusia pia programu mpya zinazoandika msimbo zenyewe. Nazitumia, na zina msaada. Zinaandika upesi kuliko mtu yeyote. Lakini kilichoandikwa lazima kisomwe na mtu anayejua mkataba ni nini na nani ataumia tarehe ikikosewa, kwa hiyo usomaji umeongezeka, haukupungua. Usiogope upande huo. Jifunze kusoma msimbo wa wengine kwa subira, hata ule usiokuvutia.

Kuhusu macho, kwa kuwa umesema yanakuwasha: tukikodolea skrini tunapepesa kope mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana jicho linakauka. Inua uso uangalie mbali kila baada ya muda, na upepese kwa makusudi. Mimi nina miwani ya skrini peke yake, iliyopimwa kwa umbali wa mkono, kwa sababu ile yenye nguvu mbili ndani ya lenzi moja ilinilazimisha kuinua kidevu kutwa nzima na shingo ikauma. Wewe hujafika huko bado.

Sasa nije kwenye redio, maana umeniuliza napata wapi hamu ya kukaa tena na mitambo baada ya siku nzima ya kompyuta.

Ninapozima kompyuta nakaa kwenye meza ya pili, yenye redio yangu ya ridhaa, ya kuwasiliana na watu wa mbali kwa kujifurahisha tu, na kitufe cha kupigia alama za Morse, herufi zinazotumwa kwa milio mifupi na mirefu. Tangu 2003 kanuni za kimataifa hazilazimishi tena Morse kwa wanaotaka leseni ya masafa yaliyo chini ya megahezi 30, na nchi nyingi zimeiondoa kwenye mitihani. Mimi nimebaki nayo kwa mapenzi tu. Mchana masafa ya megahezi 7 hayaendi mbali, kwa sababu tabaka la chini la ionosfia, sehemu ya juu ya angahewa yenye chaji za umeme, linayameza mawimbi. Jua likizama tabaka hilo linatoweka, na mawimbi yanapanda hadi tabaka za juu na kurudishwa chini mbali sana. Hapo ndipo naanza kusikia watu wa mabara mengine, kila mmoja na mkono wake. Naam, mkono. Mtu akipiga Morse kwa kitufe cha kawaida unamtambua kwa mwendo wake kabla hajataja alama zake za wito, herufi na namba zinazomtambulisha.

Anayeanza huhesabu: mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Akihesabu hivyo hafiki popote, kwa sababu akimaliza kuhesabu C, herufi mbili nyingine zimeshampita. Herufi lazima uisikie nzima, kama unavyosikia jina lako likiitwa. Ndiyo maana walimu wazuri hupiga kila herufi kwa kasi ya kawaida tangu siku ya kwanza, na kurefusha ukimya katikati ya herufi. Napenda sana kitu kinachonidai sikio badala ya jicho, na ambacho hakuna anayekisubiri kesho asubuhi.

Joe Taylor, mwanafizikia aliyeshirikiana na Russell Hulse Tuzo ya Nobel ya 1993, ni mtu wa redio ya ridhaa pia. Alikuwa ameshapita miaka 70 yeye na Steve Franke walipotoa FT8 mwaka 2017, mfumo wa kompyuta unaotuma ujumbe mfupi kwa zamu za sekunde 15 na kuutoa kwenye kelele ambamo sikio la mtu halisikii chochote. Kazi hiyo ilitokana na kitu alichokipenda tangu ujana wake. Na Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta ambaye vitabu vyake unavyo, alijengewa kinanda cha mabomba nyumbani, akawa anakipiga.

Nakutajia hao kwa sababu ya sentensi moja ya barua yako, ile uliyoipitisha haraka. Umesema gitaa umelifungia kabatini ili Jumamosi ujifunze lugha mpya za programu usije ukaachwa nyuma. Mwanangu, hilo silikubali. Lugha za programu nimeziona zikija na kuondoka, na kila niliyoihitaji nilijifunza kazini, wakati wa kazi, kwa kuwa kulikuwa na kitu cha kujengwa kwayo. Mwajiri wako akitaka ujifunze mpya, mwombe saa za kazi za kujifunzia. Ni ombi la haki, na kiongozi mzuri atalielewa. Jumamosi si yake.

Nakumbuka ulivyokuwa ukirudia kipande kimoja cha wimbo mpaka vidole vikawa vyekundu, wala hukuwa na habari na saa. Uvumilivu ule ndio ninaouhitaji ninapofuata kigeu kutoka faili hadi faili. Kwako uliingia kupitia gitaa. Sitaki uupoteze.

Kwa hiyo litoe. Nyuzi zitakuwa zimelegea au zimeshika kutu. Weka mpya zote, usibadilishe moja moja. Ukishazipatanisha sauti za nyuzi, nipigie simu Jumamosi jioni kabla sijawasha redio, unipigie kile kipande.

Ni mimi mama yako, nikupendaye sana.